Maji ndani ya tarakilishi: mpango wa mzunguko wangu wa kwanza

Leo hatuzungumzii programu, tunazungumzia mabomba. Ninapanga kuingiza maji ndani ya mashine inayonilisha, na kabla sijalipia kipande cha mwisho nataka kuuweka mpango wote hapa, maana nimegundua kwamba nikiandika jambo ndipo naona lilipo tundu.

Mashine yenyewe iko Ruiru, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Prosesa ni Ryzen 9 7950X, kadi ya michoro ni RTX 3090 ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Mchana naandika programu za wateja. Usiku mashine inafundishwa kutambua Kiswahili cha kusemwa, kazi ambayo mteja wangu analipa kwa matokeo, si kwa saa. Ikizimika katikati ya usiku, usiku huo haulipwi. Na ikiwa haijazimika basi inanguruma, feni zote zikipiga kelele kama matatu ya kwenda Githurai, na mtoto analala upande wa pili wa ukuta.

Tuanze kwa kuondoa imani moja. Maji hayapozi chochote. Maji yanabeba. Joto linatoka kwenye chipu, linapanda maji, linasafiri hadi kwenye rejeta, pale linashuka na kuingia hewani, yaani chumbani kwangu. Nikitumia wati 450, wati 450 zitabaki humo humo chumbani, karibu nusu ya pasi ya umeme iliyosahauliwa ikiwaka usiku kucha. Dirisha litaendelea kufunguliwa na tokeni za stima zitaendelea kuisha: saa 10 za usiku ni uniti 4.5, maji yawepo yasiwepo. Atakayekuambia kwamba mzunguko wa maji utaleta baridi nyumbani anakuuzia kitu.

Kinachopatikana ni hiki. Lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko lita moja ya hewa. Kwa hiyo unaweza kulitoa joto mahali finyu, ambapo feni ndogo italazimika kukimbia kama mwendawazimu, ukalipeleka mahali penye nafasi ambapo feni sita kubwa zitazunguka taratibu. Unanunua ukimya na nafasi.

Halafu kuna jambo ambalo majedwali ya majaribio ya ughaibuni hayatuambii. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapa hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 14. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma ujazo ule ule wa hewa, lakini ndani yake mna hewa pungufu ya kubeba joto. Mtu anayepima vifaa akiwa karibu na bahari anapata nyuzi ambazo mimi sitazipata. Na usidhani maji yanakwepa hilo, kwa sababu mwisho wa safari ni hewa ile ile kwenye rejeta. Ndiyo maana kila wanapopendekeza rejeta ya kutosha, mimi naongeza. Kwa kichekesho tu: prosesa yangu imeundwa iweze kufika nyuzi 95 kabla ya kujipunguza, na maji ya chai hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Tungeweza kuipikia :-)

Wazo lenyewe ni la kale. IBM walipitisha maji kwenye System/360 Model 91 miaka ya 1960. Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa mzima mzima kwenye kimiminika kisichopitisha umeme. Mwaka 2004 Apple waliuza Power Mac G5 yenye kupozwa kwa kimiminika, na baadhi yake zilikuja kuvuja baada ya miaka na kuharibu zilichokuwa zinakilinda. Na kabla ya maduka kuanza kuuza vifaa maalumu, vijana wa Marekani na Ulaya walikuwa wakitumia rejeta ndogo ya hita ya gari pamoja na pampu ya tangi la samaki. Hapo ndipo niliposimama. Rejeta ya hita ya gari? Thika imejaa magereji!

Basi Jumamosi moja nikapanda matatu, kama kilomita 20 hivi, nikashuka Thika na kwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza rejeta upande wa kuelekea Makongeni.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Nzuri, kijana. Gari liko wapi?"

"Sina gari, mzee. Ni la kompyuta."

Akanitazama. "Kompyuta yako inachemsha?"

"Inachemsha, mzee."

Akacheka mpaka akaweka tindo chini. Lakini ni mtu wa kazi, hakunicheka muda mrefu. Akatoa rejeta tatu za hita kutoka kwenye rundo, akazikwaruza kwa tupa moja baada ya nyingine. Zote nyeupe ndani. "Hii ni aluminiamu. Na hiyo ya kompyuta yako ni nini?" Nikamwambia bloku ya prosesa ni shaba iliyopakwa nikeli. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba rejeta za magari ya zamani zilikuwa za shaba na zilichomelewa kwa risasi, ila haya magari ya Japani ya siku hizi karibu yote ni aluminiamu yenye matangi ya plastiki. Ukiweka aluminiamu na shaba kwenye maji mamoja umetengeneza betri, na aluminiamu ndiyo italiwa. Kemia ni hiyo hiyo niliyosoma sekondari, lakini yeye ana ushahidi: alinionyesha kipande kilichotobolewa kama mbao iliyoingiwa na mchwa.

Hapo rejeta ya bei rahisi ikafa. Nitaagiza mbili za shaba, kila moja ya milimita 360, moja juu ya kasha na nyingine mbele. Nikijumlisha usafirishaji, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha, mzunguko mzima unakaribia nusu ya bei niliyolipia kadi. Inauma, ila nimeshapiga hesabu ya usiku ambao haukulipwa.

Mzee aliniuliza swali jingine ambalo limekaa kichwani kuliko yote. "Gari likichemsha dereva anaona sindano. Wewe umelala. Pampu ikifa utajuaje?"

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mpango huu, msomaji, sasa si mabomba bali ni programu, na hapo niko nyumbani. Pampu niliyochagua ni ya aina ya D5, yenye asili yake kwenye kampuni ya Laing ya Ujerumani. Ni ya volti 12, inakula wati zisizozidi 25 hivi, na ina waya unaotoa taarifa ya mizunguko kwa dakika. Waya huo unaingia kwenye ubao mama, na Linux inausoma kama namba ndani ya faili chini ya /sys/class/hwmon. Nitaongeza kihisi cha joto la maji. Skripti inasoma namba hizo mbili kila sekunde mbili. Mizunguko ikishuka chini ya kiwango, au maji yakipita nyuzi 50, inahifadhi hali ya mafunzo, inasimamisha kazi, inazima mashine. Skripti ikigoma, chipu zenyewe zina kinga yake ya mwisho. Stima ikipotea, jambo ambalo Ruiru si habari, pampu na chipu hufa pamoja kwa sababu zinakula kwenye pawa saplai moja, kwa hiyo hakuna joto jipya la kubeba.

Kabla ya yote hayo nimepunguza mzigo. Kadi ya 3090 huja ikiruhusiwa wati 350. Amri moja tu, nvidia-smi -pl 280, inaishusha hadi 280, na kasi ya mafunzo inapungua kidogo sana kuliko unavyofikiri. Prosesa nimeiweka kwenye hali ya kubana matumizi ambayo kikomo chake ni wati 142 badala ya 230. Jumla 422. Fanyeni hili hata kama hamna mpango wa maji, ni bure. Kwangu kelele ilipungua ila haikuisha.

Sasa hesabu ambayo ilinishangaza. Maji yakizunguka lita 4 kwa dakika na kubeba wati 422, tofauti kati ya yanayoingia kwenye vifaa na yanayotoka ni nyuzi 1.5 tu. Ndiyo maana ubishi wa kipi kitangulie, prosesa au kadi au rejeta, hauna maana kubwa. Maji yote yana joto karibu moja. Utaratibu pekee ninaoutii ni tangi kuwa juu ya pampu, ili pampu isije ikazunguka kavu, maana maji yale yale ndiyo yanayolainisha fani yake. Kwingine nitafuata njia yenye mpira mfupi. Mpira wenyewe ni ule mweusi wa EPDM. Ule unaoonyesha maji ndani ni mzuri kwenye picha, ila vilainishi vyake vinatoka polepole na kuziba mifereji ya bloku, ambayo ni myembamba kuliko meno ya kitana.

Na maji? Maji ya mto Thika yamekuwa yakienda Nairobi kupitia bwawa la Ndakaini tangu 1994, na wengi wetu huku kwenye magorofa tunaoga ya kisima, yenye chumvi chumvi inayoacha utando mweupe kwenye birika. Utando huo sitaki kuuona ndani ya bloku. Kituo cha petroli kinauza maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri. Soma lebo vizuri, kwani kwenye rafu hiyo hiyo kuna asidi. Hayo nitasuuzia rejeta, yakiwa moto, mara tatu au nne mpaka mabaki ya kulehemu yatoke. Ya kukaa ndani yatakuwa kimiminika kilichochanganywa tayari, chenye dawa ya kutu na ya kuvu, kisicho na rangi. Baridi ya Julai haina neno: maji hayawezi kuwa baridi kuliko chumba, basi hakuna umande utakaotokea kwenye mabomba.

Majaribio ni matatu. Rejeta zikifika nazirudisha Thika. Mzee amekubali kuziziba, kuzijaza upepo na kuzizamisha kwenye pipa lake tuangalie mapovu. Nyumbani nitaunganisha mzunguko wote bila maji na kutia upepo wa nusu bar kwa pampu ya mkono yenye geji, sindano ikae palepale nusu saa. Kisha maji, saa 24, umeme ukienda kwenye pampu peke yake (waya wa kijani wa pawa saplai unaunganishwa na mweusi, kila kitu kingine kimechomolewa), karatasi ya tishu chini ya kila kiungo. Tishu moja ikilowa, saa zinaanza upya.

Kilichobaki ni bloku ya kadi, na hapo bado sijalipa. 3090 ina chipu 24 za kumbukumbu, 12 mbele na 12 nyuma ya ubao. Bloku ya kawaida inapoza za mbele tu, na za nyuma ndizo zinazolalamika kwenye mafunzo marefu. Bloku yenye maji pande zote mbili ipo, bei yake ni mara moja na nusu, na lazima ilingane na ubao wa toleo langu, si jina la kadi tu. Kesho nafungua kasha, naipiga picha namba ya ubao, nailinganisha skrubu kwa skrubu na mchoro wa watengenezaji. Ikilingana naagiza ya pande mbili.