Pilau ya Idi na Bakuli Lililowekwa Dirishani



Ndugu zangu katika imani, Idi inakaribia na maswali yameshaanza kuingia kwenye simu. Juzi dada mmoja kaniandikia: "Sheikh, kwetu Idi ni pilau, nyama na kachumbari tangu enzi za bibi. Mwaka huu nataka kuongeza vyakula vingine pembeni, lakini mama mkwe anasema naharibu mila, na shemeji yangu kasema ni bidaa. Nifanyeje?"

Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja. Nikakumbuka kuwa mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili. Leo nalilipa mbele yenu, ili mwenye kuonywa aonyeke kupitia mimi.

Kwetu ni Ngarenaro, hapa hapa Arusha. Idi ya nyumbani kwetu haikuwahi kubadilika. Usiku wa kuamkia Idi kina mama wanamenya vitunguu swaumu na kutwanga viungo. Alfajiri sufuria kubwa liko juu ya mafiga uani. Tukirudi kuswali, mikeka imetandikwa, masinia yamepangwa: pilau, kachumbari, pilipili na ndizi mbivu. Basi. Tumekua hivyo, na watoto wetu wamekua hivyo.

Mdogo wangu akaoa binti wa Kiarusha kutoka upande wa Ngaramtoni. Alisilimu kabla ya nikaha, kwa hiari yake, na wallahi alijifunza swala kwa bidii kuliko wengi tuliozaliwa ndani ya Uislamu. Idi yake ya kwanza kwetu aliamka kabla ya adhana akapika loshoro. Kwa asiyeijua: ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa hadi yakalainika, kisha yakachanganywa na maziwa mgando. Kwao ni chakula cha heshima. Akakitia kwenye bakuli zuri lenye mfuniko, akaliweka kando ya sinia.

Mzee wetu mmoja akafunua, akatazama, akasema, "Leo tunakula Idi au tunalea ndama?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mtu akalichukua lile bakuli akaliweka dirishani kupisha nafasi. Likakaa pale mpaka Alasiri. Halafu shemeji akalichukua mwenyewe, akalifunika kwa kanga, akaondoka nalo bila neno. Na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama kwenye mimbari asubuhi ile ile nikihutubia watu kuhusu udugu wa Kiislamu.

Idi iliyofuata alikuja, akaamkia wakubwa, akaosha vyombo, hakuleta kitu. Iliyofuata, vile vile. Siku moja mdogo wangu akaniambia, "Kaka, mke wangu aliniuliza swali nikakosa jibu. Aliniuliza: kusilimu ni kumwabudu Allah, au ni kuacha kuwa mtoto wa mama yangu?"

Ndugu yangu msomaji, usiku ule sikulala. Kicheko changu cha sekunde tatu kilikuwa kimemfundisha muumini mpya jambo ambalo dini haikulisema.

Sasa tuje kwenye elimu.

Kwanza, tutenganishe ibada na ada. Sunna za Idi zinajulikana: kuleta takbira, kuoga, kuvaa vizuri, kula tende kabla ya kwenda kuswali Idi ya Fitri, kutoa zaka ya Fitri kabla ya swala, na kuchinja katika Idi ya Adh'ha kwa mwenye uwezo. Pilau haimo. Katika ibada, asili ni kuzuia mpaka ipatikane dalili. Katika vyakula na mavazi na ada za watu, asili ni kuruhusu mpaka ije dalili ya kukataza. Kwa hiyo anayeongeza chakula halali kwenye mlo wa Idi hajazua lolote katika dini. Anayesema ni bidaa ndiye anayepaswa kuleta dalili.

Pili, hiyo pilau unayoiita mila ya babu nayo ilikuja kama mgeni. Jina lake lina asili ya Kiajemi, na mapishi yake yalitufikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Iliki na pilipili manga asili yake ni India. Karafuu ni ya visiwa vya Maluku, kule Indonesia, na mashamba yake Zanzibar yalianza mwanzoni mwa karne ya 19. Nyanya na pilipili za kwenye kachumbari asili yake ni bara la Amerika. Hata mahindi ya loshoro yalitoka huko huko! Kuna siku bibi fulani alikatakata nyanya kwa mara ya kwanza, na bila shaka palikuwa na mzee aliyeuliza, "Hiki nacho nini?" Leo tukikosa kachumbari tunaona Idi haijakamilika.

Na jina la mtaa wetu je? Ngarenaro ni neno la Kimaa: maji meusi. Tunaishi ndani ya lugha ya wenye lile bakuli, halafu tunaliona bakuli lao geni.

Tatu, na hapa ndipo nilipojiona mdogo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kwamba mama yake mdogo alimpelekea Mtume (S.A.W.) samli, aqit na dhabb. Aqit ni maziwa mgando yaliyokaushwa. Dhabb ni mnyama wa jangwani anayefanana na kenge. Mtume (S.A.W.) akala samli na aqit, akaiacha dhabb kwa sababu nafsi yake haikuipenda. Lakini hakuiondoa. Ililiwa kwenye meza yake. Katika riwaya nyingine, Khalid bin Walid (R.A.) aliuliza kama ni haramu, akajibiwa kuwa siyo, ila haikuwa chakula cha nchi ya watu wake. Khalid akaivuta akaila, Mtume (S.A.W.) akimtazama.

Zingatia adabu hii. Hakujilazimisha kula, na hakumkejeli aliyeleta wala aliyekula. Abu Huraira (R.A.) naye ametueleza kuwa Mtume (S.A.W.) hakupata kutia dosari chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Sisi tulipewa bakuli la maziwa mgando, ndugu wa ile aqit aliyoila Mtume wetu, tukasema ni ya ndama. Astaghfirullah.

Nilimwendea shemeji, mdogo wangu na mama wakiwepo. Nikamwambia, "Shemeji, siku ile nilikosea. Nilipaswa kunyoosha mkono kwenye bakuli lako, nikacheka. Nisamehe." Alinyamaza kitambo. Akasema, "Nimekusamehe, shemeji. Ila sijui kama nitapika tena." Sikumlaumu. Mama ndiye aliyemaliza kazi. Aliacha wiki mbili zipite, akampigia simu: "Mwanangu, Idi hii njoo mapema, unifundishe yale mahindi yanalainikaje." Hakumwambia alete. Alimwambia amfundishe.

Idi iliyopita loshoro lilikaa katikati ya mkeka. Watoto walilimaliza kabla ya pilau. Yule mzee wetu hakuligusa, na hakusema neno. Nami nasema alhamdulillah, maana kuacha kwa ukimya nako ni sunna.

Sasa wewe dada uliyeuliza, na wengine wenye nia hiyo, kabla ya kuongeza chakula jiulize mambo manne:

1. Ni halali? Hakikisha nyama na mafuta yake. Mahindi, maziwa, ndizi na mboga havina shida.

2. Nani atapika? Kama vyakula sita maana yake ni mama au msichana wa kazi kukosa hata swala ya Idi, punguza. Na sisi wanaume tumenye vitunguu, mikono haitakatika.

3. Unaongeza kwa ajili ya nani? Ukiongeza kwa ajili ya mkwe mpya, mgonjwa wa sukari, au jirani, umeongeza upendo. Ukiongeza kwa ajili ya picha ya kuweka status, umeongeza kuni tu. Usikope kwa ajili ya sinia.

4. Kitaliwa chote? Allah ametuamrisha tule na tunywe, akatukataza israfu. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) akipika mchuzi azidishe maji ili awafikirie majirani. Basi kinachozidi kipakuliwe kikiwa bado cha moto, siyo makombo ya jioni.

Na kwa mama mkwe nasema kwa heshima: mila yako haiko hatarini. Sufuria la pilau liko pale pale. Ila huenda kuna binti anayekutazama usoni wakati unafunua bakuli lake, na anachosubiri kujua si kama chakula ni kitamu.

Je, kwenu kuna bakuli liliwahi kuwekwa dirishani? Usisubiri Idi. Piga simu leo.

Ewe Allah, zikunjue nyoyo zetu kama unavyozikunjua riziki zetu. Wathibitishe ndugu zetu wapya katika dini hii, na usitujaalie sisi kuwa sababu ya wao kujuta. Utusamehe vicheko vyetu. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako, huenda anahitaji kabla ya Idi.