Santuri Hazikufika Kongowea

Nguo zilizowachosha Waingereza tulizijua tangu utotoni. Zilifika Mombasa zikiwa marobota, zikafunguliwa katika soko la Kongowea, na mama zetu wakazichagua mapema kabla jua halijawa kali. Nyingi zilikuwa zimeanzia kwenye maduka ya hisani huko Uingereza. Zisiponunuliwa huko, huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara wa mitumba, nao huzipakia melini. Santuri hazikupanda meli hizo. Ni nzito, hupasuka, hupinda kwa joto, na hakuna tajiri atakayelipia nauli ya kitu kisichovalika. Nguo zikaja kwetu, muziki ukabaki. Nilipohamia Leicester mwishoni mwa miaka ya 1990, nikaukuta bado unangoja.

Maduka ya hisani yapo karibu kila mtaa wa biashara. Shirika la Oxfam lilifungua lake la mwanzo Broad Street, mjini Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1940, na sasa yapo ya wagonjwa wa moyo, ya saratani, ya watoto, hata ya paka na mbwa. Mzee akifariki, wanawe hukusanya vyombo vyake na kuvipeleka huko. Wakati ule kila mtu alikuwa akihamia CD, kwa hivyo santuri ziliingia kwa makreti. Ziliwekwa sakafuni, chini ya makoti yaliyotundikwa, nawe ulilazimika kuchutama na kusukuma pindo za watu ili uzione. Bei ilikuwa nusu pauni au pauni moja, na hakuna aliyekuwa na haja ya kujua umechukua nini.

Kila duka lilikuwa na wakazi wake wa kudumu. James Last na okestra yake. Mantovani na fidla zake. Nyimbo za filamu ya The Sound of Music. Mfululizo wa Top of the Pops, ambamo waimbaji wasiotajwa majina waliigiza nyimbo zilizovuma mwezi huo, na jaladani kuna msichana anayetabasamu. Na Jim Reeves, santuri juu ya santuri. Wenyeji waliziruka, vidole vikienda mbio, maana kwao hizo zilikuwa takataka za sebule za bibi zao.

Mimi vidole vilisimama kwa Jim Reeves. Huyu Mmarekani alikufa kwa ajali ya ndege Julai 1964, na miaka miwili baadaye wimbo wake Distant Drums ukashika nafasi ya kwanza Uingereza. Lakini Kenya nzima ilimlea kama mtu wa nyumbani. Redio ilimpiga Jumapili, matatu zilimpiga, na Krismasi haikuwa Krismasi kwa majirani zetu Wakristo bila ile santuri yake ya 1963 ya nyimbo kumi na mbili. Kando yake alikuwapo Roger Whittaker, mpiga mbinja mwenye ndevu na miwani. Waingereza walimjua kwa Durham Town na The Last Farewell. Wachache walikumbuka kwamba alizaliwa Nairobi mwaka 1936 na kukulia huko, na kwamba alipokwenda Wales kusoma sayansi alikuwa tayari kijana wa zaidi ya miaka ishirini.

Nilikuwa nimeingia kwenye maduka hayo nikitafuta muziki wetu, na nilijua ni upi. Mwaka 1982 kampuni ya Virgin ilikuwa imetoa Agwaya ya Orchestra Makassy. Mwishoni mwa muongo huo GlobeStyle ya London ikatoa mfululizo wa taarabu ya Zanzibar. Hizo zilipatikana kwa nadra sana, kwa sababu aliyezinunua alizipenda na hakuzitoa. Kilichokuwa kikijitokeza ni kingine. Siku moja ilikuwa An Evening with Belafonte/Makeba ya 1965, na ndani yake Malaika, kwa Kiswahili, ikiwa imelala baina ya Mantovani wawili. Siku nyingine Boney M., Malaika tena, safari hii ya 1981 na ya disko.

Tulikuwa kikundi kidogo: watu wa Mombasa na Lamu, mmoja wa Unguja, na mwenzetu wa Lubumbashi ambaye Kiswahili chake kilitufanya tutege sikio mara mbili. Jumamosi jioni tulikutana nyumbani kwa mmoja wetu mwenye mashine ya santuri. Kila mtu alileta aliyoiokota, akaeleza kaitoa duka gani, kisha sindano ikateremshwa. Sharti lilikuwa moja: hakuna kusema mpaka upande umalizike. Upande mmoja huchukua kama dakika ishirini, na ndani ya muda huo hata asiyependa hulazimika kusikia. Chai ya tangawizi ilipita kimya kimya.

Mtu wa Lubumbashi ndiye aliyeleta Missa Luba. Santuri hiyo ya Philips ilikuwa ya kawaida sana madukani, kwa sababu Sanctus yake ilitumika katika filamu If.... ya 1968 na vijana wa Kiingereza wakaipapia. Waliirekodi waimbaji wa kwaya ya Kamina, Katanga, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakiongozwa na padri wa Kibelgiji, Guido Haazen. Upande mmoja ni misa ya Kilatini, mwingine ni nyimbo za Kongo. Upande wa kwanza ulipokwisha, mwenzetu akasema, "Kamina napajua. Nilipita pale na gari la moshi." Hatukuwa na la kuongeza, tukageuza upande.

Lakini zawadi kubwa ya Leicester ilikuwa nyimbo za filamu za Kihindi. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, baraza la mji huu lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja kwa maelfu, na Belgrave Road ikawa mtaa wa sari na dhahabu. Miaka thelathini baadaye wazee wao walikuwa wakianza kuondoka duniani, na santuri zao za Mohammed Rafi na Lata Mangeshkar zikaanza kuingia kwenye makreti. Baadhi zilikuwa na mhuri wa duka la Nairobi au Kampala nyuma ya jalada. Katika duka moja alijitolea mama wa Kihindi aliyezaliwa Kampala. Kiswahili chake kilikuwa cha kaunta, chenye vitenzi vichache na heshima nyingi, na akituona huchungulia chumba cha nyuma kutuangalilia.

Kwa mtu wa Mombasa, kuziweka santuri hizo kwenye mashine kulikuwa kama kufunuliwa mshono wa kanzu. Sisi tulilelewa na mwimbaji wa taarabu, Juma Bhalo. Kanda zake tulizinunua Mbwana Radio Service, na arusi isiyokuwa na sauti yake ilisemwa haikufana. Kila mtu alijua kwamba Bhalo huazima mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavika mashairi ya Mvita. Kujua ni jambo moja. Kukaa Leicester ukamsikia Rafi akianza, na mdomo wako ukaanza kwa Kiswahili bila kuutuma, ni jambo jingine. Tulicheka mpaka lile sharti la kunyamaza likavunjika.

Tukawa tunanakili. Mwanzo kwa kaseti, na anayesafiri hubeba mbili tatu mfukoni kuwapelekea wa nyumbani, kisha kwa CD. Mjomba wangu, aliyekuwa akihudhuria arusi za Mombasa tangu enzi za makuti, alizipokea na kunijibu kwa simu: "Mwanangu, hii ya tatu Bhalo aliiimba mtaani Kuze. Uliza mtu yeyote." Ndivyo tulivyojua kwamba tulikuwa tukipeleka nusu ya habari tu.

Mabadiliko yalikuja kupitia bei. Discogs, orodha kubwa ya santuri mtandaoni, ilianzishwa Marekani mwaka 2000, na polepole kila mtu akaweza kujua santuri gani huuzwa kiasi gani. Oxfam wakafungua duka la mtandaoni mwaka 2007. Mwaka uliofuata zikaanza sherehe za Record Store Day, na vijana wakarudi kwenye santuri. Makreti yakapanda kutoka sakafuni hadi rafuni. Kilicho adimu sasa hutolewa kabla ya kufika dukani, na simu ndiyo hupanga bei. Siwalaumu wenye maduka, fedha zile ni za wagonjwa. Jim Reeves tu ndiye aliyebaki bei ya zamani.

Na mambo yamegeuka. Wakusanyaji wa Ulaya na Japani hutafuta zile ndogo za Nairobi za mizunguko 45, za benga na rumba, wakilipa bei ambazo wachezaji wenyewe hawakuwahi kuziona. Huko Nairobi, Kenyatta Market, kibanda namba 570, James Rugami amekuwa akiuza santuri kwa miaka mingi, na wageni humtembelea makusudi. Huko ndiko nilikopeleka Jim Reeves wangu wa ziada nilipokwenda likizo, nikiwa nimewafunga ndani ya taulo. Walichukuliwa upesi kuliko nilivyodhani.

Kikundi chetu sasa kiko WhatsApp. Wengine wamehama, mwenye mashine ameondoka Leicester. Tunatumiana vipande vya sekunde thelathini, na naikosa ile subira ya upande mzima, kwa sababu nusu ya niliyoyapenda niliyapenda dakika ya kumi na tano. Lakini mjomba yumo kikundini, na wenzake wa baraza wamo. Discogs huweza kukwambia santuri ilichapishwa mwaka gani na kiwanda kipi. Haijui ni kwa arusi ya nani Mombasa mahadhi yale yalipata maneno yake ya Kiswahili, na elimu hiyo ndiyo iliyofanya nusu pauni zetu ziwe na maana. Wiki iliyopita nilituma wimbo mmoja wa Rafi. Mjomba anasema Bhalo aliuimba kwanza Kuze. Mzee mwingine ameapa ni Kibokoni, na kwamba mjomba siku hiyo hakualikwa. Ujumbe wa sauti bado unaingia.