Waliobaki Masama

Kila Desemba ikikaribia nusu, Dar es Salaam huanza utani wake: Wachaga wanakwenda kwao kuhesabiwa. Mabasi ya Moshi hujaa, tiketi hugombaniwa, duka la Mangi, Mchaga wa pale mtaani, hufungwa, na majirani hutembea hadi mtaa wa tatu kutafuta sukari. Mimi ni mmoja wa wanaotaniwa, na huwa nacheka. Ila sensa yenyewe hufanyika Agosti. Mwezi huo ukipita Masama utawakuta wazee, wajukuu walioachwa kwa bibi zao, na vijana wa kazi waliotoka Singida na Babati.

Nilizaliwa huko, Wilaya ya Hai, kwenye mteremko wa Kilimanjaro unaopakana na Machame. Ukiacha barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Kwa Sadala unaanza kupanda. Mahindi ya tambarare yanaisha, migomba inaanza, na hewa inabadilika kabla hujafika mbali. Miaka ya 80 njia hiyo ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika, na abiria wa Landrover walijua kuna mahali lazima washuke wasukume. Kwetu tulikuwa watoto wanane. Hakuna aliyetuona wengi. Jirani wa juu walikuwa kumi. Shuleni tulibanana kwenye dawati, na aliyechelewa alikaa chini.

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hakikufika ekari mbili, na kilibeba kila kitu. Migomba juu, mingi ikiwa mshare, kahawa chini yake, magimbi na maharage chini ya kahawa. Ng'ombe hawakutoka zizini; mama na dada zangu walishuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani, na samadi ilirudi kwenye migomba. Maji yalikuja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kutoka mtoni juu, kila nyumba kwa zamu yake. Siku ya kuusafisha kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Baba alitoa kaka zangu wawili na bado wa kuchunga zamu usiku hakukosekana. Mpaka wa kihamba ulikuwa safu ya mimea ya masale, na baba aliyapunguza kwa panga mara kwa mara ili jirani asije akasema yamehama.

Kwa mila zetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa kihamba, na wa mwisho hubaki na nyumba ya baba ili awazike wazazi. Wa katikati hujitafutia. Zamani kujitafutia kulikuwa na mahali: unafyeka pori, unapanda masale, unaanza. Kufika enzi zetu pori lilikuwa limekwisha. Juu kuna msitu wa hifadhi, chini kuna tambarare kavu ambayo nayo ilikwishagawanywa. Kaka zangu wawili wa katikati waliambiwa na baba, bila ukali wowote, "Kalamu ndiyo kihamba chenu." Mmoja aliikubali kalamu akaenda Dar. Mwingine alikwenda Mererani kutafuta tanzanaiti. Sisi wasichana wanne hatukuingia kwenye hesabu hiyo kabisa; ilijulikana tutaolewa kwenye kihamba cha watu.

Nakumbuka sensa ya Agosti 1988. Karani alikuwa mwalimu tuliyemjua, kwa hiyo mama alimtengea kigoda na mtori kabla hajafungua karatasi zake. Akauliza ni nani waliolala pale usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mama akaanza kututaja wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, aliyeko Dar, aliyeko Arusha, aliyeko Mererani. Mwalimu akainua kalamu.

"Mama, hao watahesabiwa huko walikolala."

"Watahesabiwaje huko, mwalimu, na kwao ni hapa?"

Wakabishana mpaka mtori ukapoa. Mwalimu alishinda kwenye karatasi. Mama hakuwahi kukubali, na mpaka leo nadhani swali lake lilikuwa la maana kuliko lile la kwenye fomu.

Mwaka uliofuata kahawa ilituangusha. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukilinda bei ya kahawa ulivunjika, na bei ya dunia ikaporomoka. Masama mkataba huo haukujulikana. Kilichojulikana ni kwamba malipo ya chama cha ushirika hayatoshi ada, wakati dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, lazima inunuliwe. Na hii ndiyo nchi ya KNCU, ushirika ulioanzishwa 1933, ambao watoto wa mlima huu wamesoma kwa senti zake! Baba hakung'oa mibuni yake, aliiacha tu bila kuipogolea, jambo ambalo kwa mtu wa rika lake lilikuwa kama kuacha kunyoa ndevu. Hapo hata mwenye haki ya kihamba alianza kujiuliza anakaa ili iweje. Kaka yangu mkubwa, mrithi halali, alifungua duka Tandika, Dar.

Kuhama peke yake kusingetosha kukiacha kijiji na wazee. Watu wa mlima wamekuwa wakihama tangu enzi za wakoloni, na nafasi zao zilizibwa na watoto waliozaliwa nyuma yao. Kilichobadilika ni sisi mabinti. Mama alizaa wanane. Dada yangu mkubwa ana wanne, mimi nina wawili. Tulisoma, tukaolewa tukiwa na umri, tukaiona nyota ya kijani ya uzazi wa mpango ikipakwa kwenye kuta za zahanati miaka ya 90, na zaidi ya yote tulikuwa tumewaona mama zetu wakihesabu ada nane kwenye gunia moja la kahawa. Kwa taifa zima, mwanamke aliyetazamiwa kuzaa watoto zaidi ya 6 mwanzoni mwa miaka ya 90 alikuwa amefika 4.8 katika utafiti wa 2022. Kilimanjaro imekuwa chini ya wastani huo siku nyingi.

Tanzania yenyewe haipungui hata kidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,861,934, ongezeko la asilimia 1.3 tu. Mwaka 1967 katika kila Watanzania 100, zaidi ya 5 walikuwa wa mkoa huu. Sasa ni 3. Na baadhi ya hao walioongezeka wako mijini chini, Moshi na Bomang'ombe, siyo kwenye migomba. Tunazoea kusikia habari za Japani, au vijiji vya Italia vinavyouza nyumba kwa yuro moja, tukidhani ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Kwetu kijiji kinazeeka huku nchi ikijaa, na wastani wa taifa unakificha.

Nikienda sasa lami inafika juu. Nyumba ni kubwa kuliko wakati wowote, za vigae na geti la chuma, na nyingi zimefungwa. Kwenye shule tuliyobanana, madawati yanatosha na yanabaki. Siku ya mfongo, nyumba nyingi hutuma pesa kwa simu badala ya mtu, na pesa ya simu haichimbi. Mzee mmoja aliniambia maji hayafiki tena kwa majirani wa chini. Anayemlisha ng'ombe wa mama ni kijana wa Singida. Anajua Kimachame kuliko wanangu wote wawili, anajua mgomba upi ukatwe lini, na hana haki ya hatua moja ya ardhi.

Aliyerudi kukaa na mama ni mdogo wangu wa kike. Aliachika Arusha, akarudi, akaipogoa mibuni, akapanda miche mipya kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungo. Kihamba kinasomeka kwa jina la kaka wa Tandika, ambaye huja siku chache kwa mwaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatamka wazi kuwa mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Vikao vya koo zetu bado vinakaa kama sheria hiyo haijaandikwa, vikimlinda mrithi asiyekuwepo dhidi ya binti aliyepo.

Ndugu zangu wa Masama mlioko Dar, Arusha na ng'ambo, kikao cha ukoo kijacho kikifika kwenye habari ya ardhi, waiteni mabinti waketi ndani, siyo jikoni, na aliye tayari kukaa aandikiwe kihamba.