Hodi ya Nini, Jirani?

Mwaka 1996 nilitunga shairi la kumlilia kaka yangu, aliyefariki miaka miwili kabla ya hapo kwa homa iliyomchukua kwa siku tisa tu. Kikundi kimoja cha taarab hapa mjini kiliomba shairi hilo, kikalitia mahadhi, na likaimbwa jukwaani kwa fidla nne, kanuni, udi, nai, chelo na kodiani. Lilikwenda pole pole, kama ilivyo ada ya taarab asilia: ala zilitangulia peke yake kwa muda mrefu, kisha mwimbaji akasimama wima, mikono ameikutanisha kifuani, akautoa ubeti wa kwanza. Kiitikio kilikuwa hiki:

Mlango sikuufunga, hodi yako nasubiri.

Sikuweza kuificha fahari yangu. Mimi niliyejifunza mizani kwa kuhesabu vidole barazani, bila ya mwalimu wala cheti, leo maneno yangu yalikuwa yakibebwa na ala zote zile, na watu waliovaa nguo zao nzuri walikaa kimya wakiyasikiliza.

Miaka kumi na miwili baadaye, yaani 2008, nilialikwa harusini kwa jirani huko Ng'ambo. Ngoma iliyoitwa usiku ule ilikuwa kidumbak. Kwa msomaji asiyeijua: ni fidla moja, vigoma viwili vidogo vya udongo, cherewa ambazo ni vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, vijiti vya mkwasa, na sanduku. Hilo sanduku ni sanduku hasa, la mbao nyembamba, lile lililokuwa likija na chai. Hufudikizwa, likasimamishwa fimbo, na uzi mmoja ukavutwa kutoka ncha ya fimbo hadi katikati ya ubao. Mpigaji akiivuta fimbo uzi hukaza na sauti hupanda, akiilegeza, hushuka. Nyimbo zenyewe haziachani. Moja huingia ndani ya nyingine, na huweza kupita saa nzima kabla wapigaji hawajapumua, huku wanawake wakicheza na mwimbaji akitia maneno ya papo kwa papo kuwasema waliopo na wasiokuwapo. Aghalabu nyimbo hizo ni zile zile za taarab zilizokwisha julikana, zilizokatwa, zikachanganywa na za ngoma nyingine. Ndiyo maana wapo waiitao kitaarab, na watu wa kumbi kubwa hulitamka jina hilo kwa midomo iliyobinuka. Nami nilikuwa mmoja wao, bora niseme kweli.

Wanaume tulikaa pembeni. Nilikuwa nikizungumza na mwenzangu juu ya bei ya saruji, mara sikio langu likashtuka. Niliyatambua mahadhi kabla sijayasikia maneno, kama mtu anavyoitambua shati yake mgongoni mwa mwingine. Ile fidla moja ilikuwa ikikimbia mbio kama inayofukuzwa, vigoma vikiisukuma kwa nyuma, na sanduku likitoa sauti nene, tup, tup, kama hatua za mtu mzito anayeshuka ngazi. Mwimbaji akanyoosha shingo:

Mlango sikuufunga, hodi ya nini, jirani?

Wanawake wakaangua kicheko na vigelegele. Mmoja akaenda kumtunza mwimbaji, noti akaipeperusha juu ya kichwa chake kabla ya kumpa. Kiitikio kikarudiwa, tena na tena, na kila kikirudiwa ikazidi kudhihirika kwamba anayengojewa nyuma ya mlango ule si marehemu. Niliondoka bila ya kuaga.

Lau ningekuwa na insafu usiku ule, ningekumbuka mambo niliyokuwa nikiyasema kila siku mbele za watu. Ni mimi niliyekuwa nikisimulia jinsi taarab yenyewe ilivyofika kwetu kwa kuazima: habari mashuhuri ya Sultan Barghash kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, Ikhwani Safaa, iliyoundwa mwaka 1905, ikiimba kwa Kiarabu nyimbo za watu wengine, kisha Siti binti Saad akivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia sauti katika sahani za santuri, kwa Kiswahili. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizirejea nyimbo za Siti kwa koo lake la kukwaruza, na hakuna aliyesema amezivunjia heshima. Huko Cairo kwenyewe, ambako wazee wetu walikuwa wakikutazama kama kibla cha muziki, Mohammed Abdel Wahab alimtungia Umm Kulthum wimbo wa Inta Omri mwaka 1964 akatia gitaa la umeme ndani yake. Na Mombasa, Juma Bhalo alizichukua tuni za filamu za Kihindi, akazivisha mashairi ya Kiswahili yaliyotimia vina na mizani, hata wako watoto waliokua wakidhani ni Wahindi walioiga kwake.

Hayo yote niliyajua. Lakini kujua kwamba watu huazima ni jambo moja, na kukuta kilichoazimwa ni chako ni jambo jingine.

Lugha yetu, nadhani, haijajipa neno moja la kitendo hiki. Husema wimbo umerudiwa, au umeimbwa upya, na vijana husema umekopiwa, kana kwamba ni karatasi. Hakuna hata moja linalotosha. Malaika ulipoimbwa na Fadhili William, kisha na Miriam Makeba, kisha na Boney M. mwaka 1981 kwa ngoma za dansi za Ulaya, haukurudiwa tu. Kila mara uligeuka mtu mwingine mwenye sura ile ile. Mabishano ya nani aliyeutunga hayakumalizika, na huku nyuma wimbo umejiendea.

Asubuhi ya pili nilimfuata mpiga sanduku nyumbani kwake. Alikuwa mzee kuniliko, nami nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo haikuwa na adabu ndani yake. Akaitika marahaba, akanipa kiti, akanitilia kahawa. Nikamwambia wamefanya msiba wangu kuwa mchezo.

Hakubisha. Alilivuta sanduku kutoka pembeni, akaupiga uzi mara moja, akanyamaza mpaka sauti ikatoweka. Ilitoweka upesi. "Umesikia, Maalim?" akaniuliza. "Haikai. Fidla unaivuta sauti kwa upinde mpaka uchoke wewe. Hii ukiipiga taratibu kama mnavyopiga nyinyi, ya kwanza inakufa kabla ya pili haijazaliwa. Lazima twende mbio." Nikamwambia basi mbona mahadhi yamepungua, yale mapambo yote yaliyokuwa yamewekwa baina ya neno na neno yamekwenda wapi. Akacheka kidogo. "Uzi ni mmoja. Nachukua zile sauti zisizoachika, nyingine naziacha." Akanipigia sauti hizo. Zilikuwa nne. Nikausikia wimbo mzima ndani ya nne zile, bila ya kupungua hata kidogo, nikakasirika zaidi.

"Na maneno?" nikauliza.

"Maneno muulize mwimbaji. Lakini, Maalim, hakuyatoa mbali."

Nimeifikiria kauli hiyo miaka mingi. Kwa sababu ni kweli: mlango usiofungwa na mtu anayengojwa usiku, katika ushairi wetu, ni mapenzi kabla haujawa kitu kingine. Msikilizaji yeyote wa taarab angeliambiwa mstari ule peke yake angeliwaza habari za wapendanao. Mimi niliuzungushia beti sita za kaburi na machozi ili usomeke nilivyotaka mimi, na yule mwimbaji hakufanya ila kuziondoa beti hizo, akauacha mstari usimame kwa miguu yake. Mfasiri anapaswa kulijua jambo hili kuliko mtu yeyote.

Nilitoka hapo nikaenda kwa dada yangu nikitafuta wa kunihurumia. Yeye ni mkubwa wetu, na alikuwa harusini. Nikamweleza yote. Aliniacha mpaka nikamaliza, naye anachambua mchele.

"Mimi nilicheza," akasema.

Nikamtazama.

"Nilicheza wimbo ule mpaka kanga ikanivuka. Wewe ulikwishaondoka. Kule ukumbini kwenu, ule mwaka mliouimba, nilikaa kitini kama mgeni. Watu wote wamenyoosha migongo, nami naogopa hata kupiga chafya. Jana ndiyo nimemlilia kaka yangu. Nalia huku nacheza, wala hakuna aliyeniuliza."

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza hata siku moja. "Mama alikuwa akiuacha mlango bila komeo kwa sababu gani?"

Nilijibu kwamba kaka alikuwa akichelewa kurudi.

"Kurudi wapi?"

Nilijua. Sote tulijua. Kaka yangu alikuwa hakosi kidumbak. Harusi ikiwa Kikwajuni au Mwembetanga, mtaa wowote, alikuwapo, na mara mbili tatu alipewa cherewa azitikise mpigaji mmoja akiwa hayupo. Alikuwa akirudi usiku wa manane amelowa jasho, anatembea kwa ncha za vidole, na mama amelala jicho moja. Mlango niliutia katika shairi. Alikokuwa akitoka sikukutia. Niliona hakustahiki kuwamo katika shairi la msiba.

Wakati huo nilikuwa katika mwaka wa tatu wa kufasiri baadhi ya soneti za Shakespeare, kazi niliyojitwika mwenyewe na ambayo hakuna aliyeniomba. Kila neno la Kiingereza nilikuwa nalitafutia mwenzake, nikilipanga mahali pale pale, mpaka mistari ikawa na uzito wa jeneza. Niliogopa kuacha kitu. Nilikuwa mtu mwenye uzi mmoja anayejaribu kuiga fidla nne. Nilipozirudia, nilianza kuuliza zipi ndizo sauti zisizoachika, na nikazitia katika tarbia, kwa mizani yetu na kina chetu, hata kama ilinilazimu kuivunja mistari kumi na minne. Shaaban Robert alikuwa amekwisha tuonyesha njia tangu 1952, alipotoa Omar Khayyam kwa Kiswahili. Hakufasiri kutoka Kiajemi; alichokuwa nacho mkononi ni Kiingereza cha FitzGerald cha 1859, naye FitzGerald alikuwa amejichukulia uhuru mkubwa juu ya Khayyam. Kwa hiyo tulichosoma ni wimbo uliopita ala tatu, na bado mvinyo na mavumbi vimo ndani yake. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho mara nyingi bila ya kukiona hivyo.

Sisemi kwamba kila anayegeuza wimbo amefanya jema. Kinanda cha umeme kilipoingia katika taarab, nafasi ya fidla ikashikwa na kidude cha kubonyeza kinachotoa sauti ya fidla. Na hapo, kwa maoni yangu, hakuna kilichogeuzwa, bali kuna mtu aliyepunguza gharama. Ala inayoweza kuiga kila kitu haimlazimishi mpigaji achague. Sanduku haliwezi kuwa fidla hata likitaka, ndiyo maana halina budi kusema lake. Wenzangu hunambia haya ni manung'uniko ya mtu anayezeeka, na huenda wakawa na haki. Vijana wanacheza kwa vinanda hivyo hivyo na jasho lao ni la kweli.

Mpiga sanduku yule amekwisha kufariki. Masanduku ya chai ya mbao nayo ni adimu siku hizi, na sanduku lake amelirithi mjukuu, aliyeliunga upya kwa ubao wa kabati. Sauti yake imekuwa kavu zaidi.

Mwaka uliopita tulimwoza binti wa dada yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema anataka kidumbak, na yeye ndiye aliyekwenda kupatana nao bei. Kabla ya harusi mwimbaji, kijana mpole ambaye sikumjua, alikuja kunisalimu. Alikuwa ameambiwa mimi ndiye mwenye ule wimbo wa mlango. Hakuomba ruhusa ya kuuimba. Aliomba beti mpya, kwa sababu ile ya jirani, alisema, watu wameshaizoea na hawacheki tena.

Usiku wa harusi niliukaa mpaka mwisho. Wimbo ulipoingia, dada yangu alinitazama kutoka katikati ya wachezaji, akanipungia mkono niende. Sikwenda, miguu yangu haina elimu hiyo, lakini nilisogeza kiti.

Beti nimeshamwandikia kijana yule mbili. Ya tatu, yenye jina la kaka ndani yake, dada ameikataa. Asema haichezeki.