Gitaa la Pili na Mtambo wa Kuvunja Sauti

Tabora ilijipatia sifa kwa njia mbili. Katika karne ya 19 ilikuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji. Katika karne ya 20 ikawa mji wa magitaa. Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz zilitoka huko. Asikilizaye santuri zao husikia gitaa moja likiimba, na nyuma yake jingine likizivunja sauti zipatanazo, moja baada ya moja, bila kuchoka. Gitaa hili la pili halikusifiwa sana, lakini lau lingaliondoka, wimbo ungalianguka.

Leo kijana wa Tabora mwenye kinanda cha kuongozea kompyuta aweza kuukabidhi kazi hiyo mtambo uitwao arpejiata, jina litokanalo na neno la Kitaliano la kupiga kinubi. Kinanda chenyewe hakina sauti. Hupeleka amri tu kwa lugha ya MIDI, iliyoanza kutumika mwaka 1983. Vidole vitatu vikishika C, E na G pamoja, mtambo huzitoa mfululizo, kwa kupanda, kwa kushuka, au kwa mpango mwingine uliochaguliwa. Mwendo hufuata saa ya kompyuta, ambayo hutuma ishara 24 katika kila pigo la wimbo. Saa hiyo ndiyo mnyampara. Kinanda kisichomfuata hakikawii kupotea njia.

Hapo pana jambo la kupendeza. Pigo likigawanywa mara nne, sauti tatu hazilijazi sawasawa. Ya kwanza hurudi katika nafasi ya 4, ya 7, ya 10, na katika ya 13 tu ndipo hukutana tena na mwanzo wa pigo. Uzito wa wimbo huhamahama, kama katika ngoma. Akerwaye na kuhama huko huongeza kidole cha nne, na raha yote hukoma.

Je, mtambo umemrithi mpiga gitaa la pili? Kwa usawa wa mwendo, hapana shaka umempita. Lakini yeye humsikiliza mwimbaji: huchelewa kidogo neno likiwa zito, huruka sauti moja ili jina la mpenzi lisikike. Mtambo nao waweza kuamriwa kuchelewa, ila huchelewesha kila sauti ya pili kwa kipimo kile kile, mithili ya mtu achekaye kwa kutazama saa. Fidia yake ni kitufe cha kushikilia: kikibonyezwa, vidole huinuliwa na mfululizo huendelea. Mkono mmoja umepata uhuru. Mvivu huutia mfukoni. Hodari hupiga kwa mkono huo jibu ambalo mtambo hauwezi kulitunga, na mara mojamoja hukizima kitufe, kimya kikapita penye neno moja.