Kabla ya kuchangia mashine ya kuosha kokoto, fahamu kazi yake



Korosho zikishalipwa, swali ninaloulizwa sana Masasi na Newala si la mbegu wala la mbolea. Ni la Tunduru. Tangu yakuti zilipovuma kule miaka ya 1990, watu wetu wengi wameshika njia hiyo na fedha za korosho mfukoni. Mimi ni bwana shamba, si mchimbaji. Lakini fedha inayokwenda kwenye kokoto ndiyo hiyo hiyo ya kununulia salfa, na salfa ikikosekana ubwiriunga unakausha maua ya mikorosho. Ndiyo maana jambo hili linanihusu.

Mzee mmoja wa Newala, ambaye namwita mjomba, alitakiwa achangie kununua mashine iitwayo haidrosaikloni. Aliambiwa migodi mikubwa ya dhahabu inaitumia. Hilo ni kweli. Akaambiwa pia kwamba inatoa vito. Hilo si kweli.

"Sasa bwana shamba," akaniuliza, "kama wenye migodi inawafaa, mimi itanishindaje?"

Nikachukua chupa, nikatia udongo wa shamba lake na maji, nikatikisa, nikaiweka chini. Ndicho kipimo tunachotumia kujua aina ya udongo. Mchanga ulituama kabla ya dakika moja kwisha. Tope laini huchukua saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kulala ukielea. Nikamwambia: "Mjomba, maji yamepanga chembe kwa ukubwa. Hayakukuonyesha ipi ina thamani."

Haidrosaikloni inafanya kazi hiyo hiyo kwa haraka. Ni chombo kipana juu, chembamba chini. Pampu inasukuma tope liingie kwa ubavuni, lizunguke kwa kasi. Chembe kubwa zinatupwa ukutani, zinashuka na kutokea chini; zile laini zinatokea juu pamoja na maji mengi. Mgodini, zilizotokea chini hurudishwa kinuni zikasagwe tena. Mwamba wa dhahabu unasagwa. Yakuti ukiisaga, umeitupa.

Kwa kokoto za mtoni, kifaa cha kupanga ukubwa ni chekeche, na kina sababu yake. Yakuti ina uzito kama mara 4 ya maji ya ujazo ule ule. Kwatzi, lile jiwe jeupe la kawaida, ni mara 2.65. Ukitikisa chekeche ndani ya maji, zito linatangulia chini. Lakini kipande cha kwatzi chenye upana unaokaribia mara mbili ya yakuti huzama kwa mwendo sawa nayo. Ukichanganya kokoto kubwa na ndogo, maji yanashindwa kuzitenganisha, na yakuti ndogo inatupwa pamoja na takataka.

Kwa hiyo, ukiamua kwenda:

1. Panga kwanza, osha baadaye. Machekeche yenye matundu ya milimita 4, 6 na 10 yanatosha kuanzia. Osha kila fungu peke yake.

2. Anayekuuzia mashine muulize: inapanga ukubwa, au inatenga kizito na chepesi? Hizo ni kazi mbili.

3. Hesabu maji. Sisi wa Newala tunajua gharama ya maji yanayopandishwa kutoka bondeni. Kuosha kunataka maji mengi, na kuyachota mtoni kwa kazi hiyo kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

4. Omba kuona leseni ya Tume ya Madini kabla ya kutoa hata shilingi.

Mjomba hakuingia kwenye ubia ule. Alimnunulia mwanawe machekeche matatu, na kabla hata hajayalipia, alitenga fedha ya salfa. Nakushauri ufuate mpangilio huo: mikorosho kwanza, kokoto baadaye.