Swali la Apiyo

Jumamosi hiyo nilipanda matatu Migori asubuhi na mapema. Shati nilikuwa nimelipiga pasi mara mbili. Nauli ya kwenda nilikuwa nayo. Ya kurudi nilimwachia Mungu na mteja mmoja niliyekuwa namdai. Binamu yangu alikuwa amenipangia deti na mtu nisiyemjua. "Anakaa Homa Bay, anafundisha watoto wa chekechea, anapenda kusoma," aliniandikia. "Wewe si unaandika? Mtaelewana." Picha hakutuma. Alinipa jina moja tu: Apiyo.

Zamani kazi hii ya binamu yangu ilikuwa na mwenyewe. Wajaluo walimwita jagam, mshenga wa kuunganisha nyumba mbili. Kabla ya kuunganisha, jagam aliuliza kwanza. Ni watu wa ukoo gani? Kuna undugu? Nyumba ile ina ugonjwa gani? Binamu yangu hakuuliza chochote. Ana bando na nia njema, basi.

Awendo tukapishana na malori ya miwa. Rongo nikashuka, nikachukua gari la Homa Bay, tukapita Rodi Kopany. Njia nzima nilikuwa napanga jibu la swali moja nililoliogopa: unafanya kazi gani? Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokatika. Tangu hapo nakula kwa kompyuta. Naandika makala kuhusu magodoro ambayo sitawahi kulalia. Na, wacha niseme tu, nimewahi kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za chuo, wale wenye pesa lakini hawana muda. Nilitoka chuo changu nikaingia vyuo vya wengine kupitia dirishani.

Apiyo alifika kabla yangu. Alikuwa amekaa kwenye kibanda cha samaki karibu na ziwa, Mlima Asego nyuma yake, anakunywa maji. Nikamsalimia, nikaketi, halafu nikasema kile ambacho kila Mjaluo angesema: "Apiyo! Na Adongo umemwacha wapi?" Maana Apiyo ni pacha aliyetangulia kuzaliwa. Lazima kuna mwenzake nyuma.

"Ni Odongo," akasema. "Alikuwa mvulana. Tulimzika tukiwa na miaka kumi na saba."

Nikasema pole. Ngege wakaletwa na ugali, tukanawa mikono, na hakuna aliyekula. Akanisimulia. Odongo alikuwa na selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyosema. Maumivu yalimpata kwenye mifupa usiku, akang'ata shuka ili asiwaamshe wengine. Shuleni mwalimu mmoja alimwita mvivu. Kuna mwaka alikaa hospitalini wiki nyingi kuliko darasani. Apiyo ndiye aliyemnakilia masomo, kwa mwandiko mkubwa, ili asome akiwa amelala.

Halafu akaniangalia. "Wewe ni AA au AS?"

Nilidhani ananiuliza gredi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Damu yako," akasema. "Mimi ni AS. Nauliza mapema kwa sababu nikishakupenda nitaogopa kuuliza."

Hapo aibu ikanishika, kwa sababu jambo hilo nililijua. Nililijua kwa Kiingereza, kurasa sita, na nililipwa. Mwanafunzi fulani wa ng'ambo alitaka insha kuhusu selimundu na malaria, nikamwandikia usiku mmoja. Niliandika kuhusu Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka wa 1949 alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii, akaona kwamba jeni hiyo imejaa kwa watu wa Pwani na wa karibu na Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu kusiko na malaria. Mwaka wa 1954 akachapisha jaribio alilofanya kwa wanaume 30 waliojitolea, wote Wajaluo. Wote walitiwa vimelea vya malaria. Kati ya 15 wasiokuwa na jeni, 14 waliugua. Kati ya 15 waliokuwa nayo, waliougua ni wawili.

Ndiyo maana jeni hii haijatutoka. Ukirithi moja, unaishi kawaida, na utotoni malaria kali haikuui kirahisi. Ukirithi mbili, seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa, na mwili unalia. Wazazi wawili wenye AS wakipata mimba, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba mtoto atakuwa SS, na hesabu hiyo inaanza upya kila mimba. Yote hayo niliyaandika vizuri, mteja akanipa nyota tano. Wajaluo 30 nikawahesabu mmoja mmoja. Kujihesabu mimi sikuwahi.

"Sijui," nikamwambia.

"Tunaweza kujua leo," akasema.

Tukala haraka, tukaenda maabara ndogo mjini. Kipimo chenyewe kinafanana na kile cha malaria: tone moja la damu kutoka kidoleni, halafu unangoja. Tulikaa kwenye benchi kama watu waliokuja kuomba kazi. Akaniuliza naandika nini, nikamwambia ukweli wote, pamoja na zile insha. Ukishatoboa kidole mbele ya mtu, mambo ya kumficha yanapungua.

Mhudumu akarudi. AS. Akanishauri nithibitishe kwa kipimo kikubwa, akasema mimi si mgonjwa, nisiogope. Apiyo alisoma karatasi, akaikunja mara mbili, akanirudishia.

Tulitembea hadi ziwani bila kuongea. Nikajaribu kusema kuna watu wanaoana hivyo hivyo, kwamba tatu kati ya nne ni nafasi nzuri.

"Ni nzuri kwa mtu ambaye hakumwona yule wa nne," akasema.

Sikuwa na jibu, na bado sina. Wapo wanaoamua kuoana na kutozaa, wapo wanaoasili mtoto, wapo wanaozaa na kulea kwa ushujaa. Siwahukumu. Lakini yeye alikuwa ameamua zamani, kando ya kitanda cha Odongo, na mimi nilikuwa nimemjua kwa saa nne. Akaniongezea nauli ya kurudi. Nilitaka kukataa, nikakumbuka mfuko wangu.

Jumapili nilienda nyumbani Uriri, nikamwonyesha mama ile karatasi. Nikamweleza kwa Dholuo, maana sikuwahi kuieleza kwa lugha yoyote isiyolipwa. Alinyamaza muda mrefu. Kabla yangu kulikuwa na msichana. Hilo nililijua, lakini nyumbani halizungumzwi. Mama akasema mtoto alikuwa anavimba mikono na miguu, analia akiguswa, na hakufika miaka miwili. Wengine walisema malaria. Wengine walisema chira, kwamba mama alivunja mwiko.

Nikamwambia siwezi kuapa, mtoto hakuwahi kupimwa. Lakini kuvimba kule ni dalili inayojulikana, na kama ni hiyo, ilitoka kwa wazazi wote wawili, bila kosa la mtu.

"Kwa hivyo si mimi, wuoda?" akauliza.

"Si wewe, mama."

Alichukua karatasi ile, ambayo hawezi kuisoma, akaiweka ndani ya Biblia yake. Sikumwomba airudishe.

Binamu yangu bado ananiuliza deti ilienda aje. Namwambia ilienda poa. Mimi na Apiyo huandikiana mara moja moja. Anasoma ninachoandika na kunisahihisha. Na mdogo wangu wa kike ana mchumba Rongo, wanapanga mambo ya Desemba. Juzi mteja alinilipa. Nikamtumia pesa ya kupimwa, yake na ya mchumba wake, nikamwambia waende pamoja. Amenijibu kwamba naleta mikosi kwenye harusi. Bado namngoja.